Mashine ya Kendi

Trei ya Peris ilirudi nyumbani na chapati thelathini na moja. Alizihesabu ndani ya gari, kwenye maegesho ya jengo lao pale Columbia Heights, huku mumewe Muriuki akishusha viti vya pikiniki. Alipofika jikoni akazihesabu tena. Thelathini na moja kati ya themanini, na zote alikuwa amezisukuma kwa mkono wake tangu alfajiri. Trei ya Kendi, mwenzake wa kanisani, ilikuwa imekwisha kabla hata nyama haijakatwa.

Kwa Wakenya wa kanisa lao trei ni jambo zito. Kila mama huleta chakula ndani ya trei ya foili, ubavuni amebandika utepe wenye jina lake, na hakuna hata mmoja atakayekiri kwamba ni mashindano. Lakini watu wakishashiba kila jicho linapita pale mezani kuona ni jina la nani limebaki na chakula. Kwa miaka tisa trei ya Peris, iliyoandikwa "Mama Fiona", ilikuwa ikirudi tupu. Watu walikuwa wakimpigia Peris simu kutoka Saint Paul kumuuliza kama atakuja, na kama atakuja na chapati.

"Si tutakula sisi," alisema Muriuki, akachukua mbili. "Chapati haiharibiki."

"Wewe kule pikiniki ulikula za nani?"

Muriuki alitafuna polepole. "Nilikula zile zilikuwa karibu."

"Zilikuwa karibu."

"Aki Peris, mtu akiwa kwa line anachukua ile iko mbele yake."

Peris aliifunika trei. Sebuleni, binti yao Fiona, wa miaka kumi na mmoja, alikuwa akitazama katuni. Walikuwa wamelipia ile huduma ya bei nafuu, yenye matangazo, kwa hiyo kila baada ya dakika chache katuni ilikatika na yule mwanamke wa tangazo akatokea. Alikuwa na meno mengi meupe na aproni isiyo na hata chembe ya unga. Aliweka donge juu ya bamba la chuma, akashusha mfuniko, akatabasamu, akaufungua: duara. Akaweka donge jingine: duara. "Your hands deserve a holiday!" akasema. Kisha, pale ambapo mtu mwenye adabu angeaga aende zake, akainua kidole: "But wait!" Kumbe kulikuwa na mwiko wa bure. Kulikuwa pia na kitabu cha mapishi cha bure. Aliyelitunga tangazo lile ana mengi ya kujibu mbele ya Mungu, na ataanza na ile sauti.

"Si hiyo ndiyo machine ya Kendi?" Muriuki aliuliza, kisha akatamani kulimeza swali lake pamoja na chapati.

Peris alilijua tangazo lile kwa moyo. Alifanya kazi kwenye nyumba ya wazee huko Bloomington, na bibi mmoja wa miaka tisini aliyekuwa akimhudumia hakutaka televisheni izimwe hata akilala. Peris alimwogesha yule bibi na tangazo, akamvalisha na tangazo, akamwinua kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu huku yule mwanamke akiiahidi dunia nzima likizo ya mikono. Na mkono wa kulia wa Peris mwenyewe ulikuwa ukimuuma tangu mwaka uliopita. Kwa sababu ya kuinua wazee, kifundo kilivimba, vidole vikafa ganzi. Alikuwa na bendeji ngumu ya kukifunga, lakini aliivaa kazini tu, akaivua ndani ya gari kabla ya kufika nyumbani. Hakumwambia mtu. Mama Fiona asiye na mkono angekuwa nani pale kanisani?

Tusizunguke: alimwonea Kendi wivu. Hakuwa na haja na nyumba ya Kendi, wala na gari lake, wala na cheo chake cha unesi. Lakini Kendi huyu, ambaye miaka mitatu iliyopita alileta chapati zenye pembe kama ramani, zikaliwa na watoto tu tena kwa kubembelezwa, leo anaulizwa siri yake, naye anacheka na kusema, "Ni machine tu, jamani." Hilo Peris alishindwa kulimeza.

Usiku ule alikula chapati nne peke yake, kwa hasira.

*

Mwanzoni mwa Oktoba, Mama Ian, mwenyekiti wa kina mama, alituma orodha ya Jumapili ya Mavuno kwenye kikundi cha simu. Peris aliisoma akiwa kazini, kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Pilau alipewa fulani, mbuzi akapewa fulani. Chapati mia moja na hamsini: Kendi. Akashuka hadi chini kabisa kulitafuta jina lake. Maji na vijiko vya plastiki: Mama Fiona.

Maji na vijiko hupewa vijana wasio na wake na wageni waliotua juzi. Peris alikaa kwenye benchi, kiatu kimoja mkononi, uso ukimchoma. Kisha akapiga simu.

"Mama Ian, habari ya mchana?"

"Mzuri sana, dear. Umeona list?"

"Nimeona. Nafikiri kuna makosa kidogo."

"Hakuna makosa, mpenzi. Tuliona tukupumzishe. Umetupikia miaka mingi, na Kendi ako na ile machine, anatoa mia moja kwa lisaa."

"Kwani ni nani alisema nimechoka?"

Mama Ian alikohoa. Alikuwa mwanamke mwema, na wema wake ndio uliouma. "Hakuna mtu alisema. Ni vile zako zilibaki pikiniki. Hatutaki upoteze unga yako bure."

Peris alisikia mdomo wake ukisema jambo ambalo hakuwa amelipanga. "Hata mimi niko na machine."

"Wah! Na hukutuambia!"

"Ndiyo nakuambia. Gawanya. Nusu Kendi, nusu mimi."

"Sawa basi! Sabini na tano, sabini na tano. Maji nitapatia Pacifique, yule kijana wa kutoka Congo. Aki mtatushibisha!"

Akakata simu, akavaa kiatu cha pili, akaenda kumwinua yule bibi wa miaka tisini. Yule mwanamke wa meno alikuwa hewani, na safari hii Peris alisimama, akaisoma ile namba ya chini ya skrini hadi mwisho.

*

Mashine ilikuwa dola mia mbili thelathini na tisa, na usafirishaji juu yake. Kwa bei hiyo ungedhani inalea na watoto. Peris alifanya zamu mbili za ziada ili ainunue. Yaani ili mikono ipate likizo, aliitwisha kwanza wazee kumi na sita zaidi, na siku boksi lilipofika mlangoni hakuweza kulibeba. Muriuki ndiye aliyeliingiza ndani.

"Hii imetugharimu pesa ngapi?"

"Ilikuwa offer."

Muriuki aliendesha basi dogo la hoteli karibu na uwanja wa ndege, alikuwa amechoka, na aliijua sauti ya mkewe isiyotaka kuulizwa mara mbili. Akaenda kuoga.

Peris alikanda unga wake kama alivyofundishwa na mamake: maji ya vuguvugu, mafuta, chumvi, sukari ya kuonja. Akasukuma, akapaka mafuta, akakunja, akaviringisha kila donge kama konokono ili chapati iwe na matabaka. Akaliweka donge la kwanza juu ya bamba, akashusha mfuniko. Mafuta ya ndani yakachemka, donge likavimba, likapasuka kwa kishindo, na kipande cha unga kikaruka hadi kwenye kalenda ya kanisa. La pili liligandia kwenye mfuniko. La tatu lilitoka duara kamili, na Fiona alipoligonga mezani likalia ko, ko.

"Mom, it's a plate," alisema Fiona.

Kijitabu kilikuwa na jibu ukurasa wa pili: unga usiwe na mafuta, wala usikunjwe. Mashine ile ilitengenezwa kwa ajili ya vimkate vyembamba vya watu wengine. Wala tangazo halikudanganya, kwa maana halikutaja chapati hata mara moja. Peris ndiye aliyeiona chapati pale, kwa sababu alikuwa amekwisha kuiona kwenye trei ya Kendi. Lakini kama mashine hii haiwezi, Kendi anawezaje?

Akapiga namba ya huduma kwa wateja. Ikajibu sauti ya kompyuta, ikamtaka aseme neno moja tu: return.

"Ritan," alisema Peris.

Sauti ikaomba radhi, haikuelewa.

"Ritan. Ri-tan!"

Haikuelewa. Mwanamke aliyekuwa akizungumza Kiingereza na madaktari kila siku, miaka kumi na mbili sasa, alisimama jikoni kwake akipigia kelele mashine kuhusu mashine. Fiona akanyoosha mkono, akachukua simu, akasema lile neno mara moja, kwa sauti ya chini, na mlango ukafunguka. Hakucheka. Peris aliona afadhali angecheka.

Wakawekwa kwenye foleni, na katika kusubiri wakachezewa tangazo lilelile, pamoja na mwiko wa bure. Mwishowe mtu halisi akawaambia kwa upole kwamba mashine inaweza kurudishwa, gharama ya posta ni ya mteja, na iwe haijaguswa na chakula.

"It's a food machine," Fiona alimwambia yule mtu.

Mtu akasema anaelewa kabisa.

*

Jumamosi, siku moja kabla ya Mavuno, Peris aliimeza aibu yake, akaenda kwa Kendi kuuliza. Mlango ulifunguliwa na Kiprop, mume wa Kendi, dereva wa malori ya masafa marefu, ambaye akiwa nyumbani huwa na furaha ya kumkaribisha yeyote, hata mtu wa kusoma mita.

"Karibu, karibu Mama Fiona! Kendi ako kazi mpaka saa kumi. Ingia unywe chai."

"Asante, sitakaa. Nilitaka tu kumuuliza kitu kuhusu ile machine."

"Machine gani?"

"Ya chapati."

"Ah, hiyo!" Kiprop alicheka hadi akashika mlango. "Hiyo tulitupa basement. Siku ya kwanza ilizima stima nyumba mzima. Pesa ilienda hivyo."

Peris aliingia hatua moja. "Na chapati za kesho?"

"Ziko! Si ni mimi nilibeba jana." Akampeleka jikoni, akafungua friza kwa majivuno ya mtu anayeonyesha ng'ombe wake. Pakiti zilipangwa hadi juu: paratha, chapati za Kihindi zenye matabaka, za kiwandani, zilizogandishwa, zile zinazouzwa kwenye maduka ya Wahindi, ishirini katika kila pakiti. "Ni kupasha tu kwa pan. Kwani hamkujua?"

"Tulijua," alisema Peris. "Mwambie nilipita."

Aliingia garini, akafunga mlango, akacheka peke yake hadi machozi yakamtoka. Furaha iliyompata haikuwa ya Kikristo hata kidogo. Njia nzima aliipanga kesho yake. Wangesimama mezani, Mama Ian akiwapo, na yeye Peris angesema kwa sauti tamu kabisa, "Kendi, hebu tuambie, hii unga yako unakanda na nini?" Aliliona lile tabasamu la Kendi likianguka, akaliangusha tena na tena, kila taa nyekundu ya barabarani mara moja.

Nyumbani, Muriuki akiwa bado kazini, alikanda unga wa chapati sabini na tano. Sasa ilikuwa ni mkono dhidi ya pakiti, na alikuwa na hakika. Lakini kukanda kunataka nguvu ya kifundo, na kifundo hakikuwa nayo. Unga aliuacha kabla haujalainika, akijiambia umetosha. Kufikia chapati ya kumi vidole havikuwa vyake tena. Kufikia ya kumi na tisa mti wa kusukumia ulimponyoka, ukagonga sakafu, ukabingirika chini ya jiko.

Fiona alikuja mlangoni. "Mom, your hand is shaking."

"Ni baridi."

"It's not cold."

Peris alijaribu kuinama auchukue mti, akajikuta ameketi sakafuni, mgongo kwenye kabati, mkono wa kulia umelala mapajani. Madonge hamsini na sita yalikuwa yamefunikwa kwa kitambaa juu ya meza. Akawaza maji na vijiko vya plastiki. Akamwaza Kendi akigawa kwa koleo, watu wamepanga foleni upande wake.

"Niletee koti," alisema. "Twende dukani."

Duka la Wahindi lilikuwa karibu, barabara ya Central Avenue. Alichukua pakiti zilezile alizoziona kwa Kiprop, nne, akazifunika kwa mboga ndani ya kikapu. Karatasi zake hakuzitupa kwenye pipa la nyumbani. Alizitupa kwenye kituo cha mafuta, Fiona akimtazama kupitia dirisha la gari.

"So are we lying?" Fiona aliuliza.

"Tunapika."

"We're warming."

"Funga mshipi," alisema Peris.

Alizipasha kwa kikaango, akazipaka siagi kidogo, akazipanga kwenye trei, akabandika utepe: Mama Fiona. Zile kumi na tisa za mkono wake hakuwa na moyo wa kuzitupa. Alizifunga kwenye foili peke yake, akazitia kwenye mkoba.

*

Ukumbi walikuwa wakiukodi kwa Walutheri Wazungu, wakiingia saa saba mchana wenyewe wakishatoka, kwa sharti la kutoacha harufu. Siku ya Mavuno sharti hilo lilisahaulika mara tu pilau ilipofunuliwa. Trei mbili za chapati ziliwekwa bega kwa bega, na kina mama wakazisogelea kama watu wanaopita tu.

Kendi alikuja amevaa kitenge kipya. Alichukua chapati moja kwenye trei ya Peris, akaipasua katikati. Matabaka yakafunguka sawasawa, membamba, yote ya unene mmoja. Akayatazama kitambo.

"Kiprop aliniambia ulipita," alisema.

"Nilipita."

"Hizi umeweka siagi?"

"Kidogo."

"Mimi niliweka mafuta tu," alisema Kendi, akala kile kipande bila kuinua macho.

Lile swali tamu ambalo Peris alilipanga kwenye kila taa nyekundu lilikuwa limemfia mdomoni. Wakasimama hivyo, kila mmoja nyuma ya jina lake, wakagawa.

Na watu walichagua. Hapo ndipo ilipo ajabu. Kutoka pakiti za aina moja, za kiwanda kimoja, watu walionja huku na kule, wakarudi kwa Mama Fiona. Mama Ian alitafuna akiwa amefumba macho. "Machine ni machine," akatangaza, meza nzima ikasikia, "na hii Mama Fiona anasema ni ya machine, lakini mimi sidanganyiki. Hapa kuna mkono!" Wakacheka, wakapiga makofi. Kendi naye alipiga. Alitabasamu kwa mdomo peke yake, na Peris aliutambua uso ule, kwa sababu mwezi wa Agosti, kwenye pikiniki, ulikuwa wake. Trei yake ikaisha. Ya Kendi ilikuwa bado nusu. Aliona raha, raha ya kweli, akasimama wima kuliko alivyosimama kwa miezi mingi.

Alikwenda kukaa karibu na mumewe. Muriuki alikuwa anapangusa mchuzi kwa kipande cha mwisho.

"Leo umewaweza," alisema, akimwinamia sikioni. "Sijakula chapati zako zikiwa hivi siku mingi. Niongezee moja."

"Zimeisha."

"Hata moja?"

Peris aliutazama mkoba wake. Sifa za kina mama alikuwa tayari kuzipata kwa pakiti. Huyu alikuwa mtu wake, na alitaka yeye angalau apewe ya kweli. Akaifungua foili chini ya meza, akatoa moja kati ya zile kumi na tisa, akamwekea kwenye sahani kwa mkono wa kulia, ule unaouma, na moyo ukimdunda kama msichana.

Muriuki aliivuta kwa meno. Akaivuta tena. Akatafuna, akatafuna, kisha akairudisha pembeni mwa sahani na kusogeza kichwa karibu, asije akamuumiza mtu.

"Hii umetoa kwa Kendi," alinong'ona. "Ngumu hivi. Ya machine inajulikana tu."

Peris alisema, "Ndiyo. Zangu ziliisha."

Akaichukua kwenye sahani ya mumewe, kwa sababu chakula hakitupwi, akaanza kuila. Ng'ambo ya ukumbi Kendi alikuwa akiifunika trei yake kwa foili, airudishe nyumbani.